Mwanamke na Kauli ya Kutendwa

Mwalimu wa Kiswahili anaandika ubaoni kitenzi "oa", kisha anawataka wanafunzi wakitungie sentensi mbili. Juma ameoa. Asha ameolewa. Anauliza kama Asha naye anaweza kuoa, darasa linacheka. Anauliza kama Juma anaweza kuolewa; kicheko kinazidi, na kijana mmoja wa dawati la nyuma anasema yupo mtu wa namna hiyo mtaani kwao, anakaa kwa mkewe na kodi ya nyumba analipa mke.

Kila aliyewahi kufundisha kauli za vitenzi amekisikia kicheko hicho. Mhadhara huu unaanzia hapo, kwa sababu darasa linapocheka linakuwa limeshajibu swali zito: nani katika jamii hii ni mtenda, nani ni mtendwa, na kwa kigezo gani.

Kiswahili hakijali jinsia pale ambapo lugha nyingi kubwa zinajali. Anayesema "amefika" hajasema kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke. Mgeni, mkulima, jaji na rais wote wamo katika ngeli moja, na mfasiri anayeihamisha riwaya ya Kiswahili kwenda Kiingereza au Kiarabu hulazimika kuchagua jambo ambalo mwandishi mwenyewe hakulichagua. Wapo wanaojivunia sifa hiyo, na wana haki. Lakini lugha hiyohiyo ikifika kwenye ndoa inawagawa watu wawili waliokuwa sawa mlangoni. Mume anaposa, mke anaposwa. Baba anaoza, binti anaozwa. Mume anaoa, mke anaolewa. Mume anaacha, mke anaachwa. Akifa mume, katika baadhi ya makabila ndugu yake hurithi, na miongoni mwa vinavyorithiwa yumo mjane. Hata kabla ya hayo yote, msichana wa unyago huwekwa ndani, hufundwa, huchezwa, kisha hutolewa nje. Mwanamke anaweza kupita kila hatua kubwa ya maisha yake bila kutoka kwenye kauli ya kutendwa.

Atatokea mtu aseme hiyo ni sarufi tu, haina kosa. Ushahidi wa kumjibu uko mitaani. Mwanamume akihamia nyumba ya mkewe, akala jasho la mkewe, watu wa Dar es Salaam husema "ameolewa", na neno hilo huuma kuliko matusi mengi. Yeye ni mwanamume vilevile, mke ni mwanamke vilevile. Kilichobadilika ni mwenye nyumba. Kitenzi kimemfuata mwenye mali. Anayetoa mahari na kumpeleka mwenzake kwake ndiye anayeoa, na anayehamishwa ndiye anayeolewa.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi mkoani Mara, kwa Wakurya. Huko iko ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe wa mahari na kuoa mwanamke mdogo kwake. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, wanachukua jina lake na wanarithi kwake. Mtu akisema Tarime kwamba bibi fulani ameoa, hakuna anayecheka. Wanandi wa Kenya wana desturi inayofanana na hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo katika kesi ya mirathi. Mwenye ng'ombe ameoa, basi. Haifai, hata hivyo, kuishangilia desturi hiyo haraka. Yule mwanamke mdogo bado anaolewa, na aliyepokea ng'ombe ni baba yake.

Pwani nako uko upenyo. Sheria ya Kiislamu inamruhusu mke kuomba kutoka katika ndoa kwa kurudisha mahari, yaani khului, na Waswahili wakakipatia kitendo hicho kitenzi chao wenyewe: kujivua. Hapa mke haachi wala haachwi, anajivua. Lakini hata mlango huo una kiingilio, na kiingilio chenyewe ni mali.

Kuna upande mwingine wa hesabu. Mwanamke huyuhuyu anayeposwa, anayeolewa na anayeachwa, kuanzia alfajiri mpaka usiku ni mtenda wa vitenzi visivyokwisha: anateka, anatwanga, anapepeta, anapika, anafua, analea, anauguza, anapalilia. Hakuna anayemnyima kauli ya kutenda hapo. Anachonyimwa ni hesabu. Vitenzi vinavyohamisha mali vimemweka upande wa kupokea au wa kupokewa, na vile anavyovitenda mwenyewe havikuandikwa popote kuwa kazi.

Suala hilo lilifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, katika kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ndoa ilikuwa imevunjika, na Bi Hawa alidai sehemu ya mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazungumzia mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na swali likawa: kupika, kufua na kutunza nyumba ni juhudi? Baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamesema si juhudi, hayo ni majukumu ya mke. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema ni juhudi na zina uzito katika kugawa mali. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokiomba, maana mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za biashara na fedha hizo zilikuwa zimetapanywa. Aliondoka mikono mitupu, na kanuni aliyoisababisha ikabaki kuwasaidia wanawake waliokuja mahakamani baada yake. Miaka zaidi ya 40 sasa, jina la Bi Hawa hutajwa katika mabaraza ya Tanzania kila mke anapouliza kuhusu nyumba aliyoifagia lakini hati yake haina jina lake.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kulijua jambo hili zamani sana, na shahidi wa kwanza ni mwanamke aliyekuwa mgonjwa kitandani.

Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi wake takriban mwaka 1858, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa miaka na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar. Yeye mwenyewe alifariki karibu mwaka 1860. Utendi ni wosia kwa binti yake, Mwana Hashima. Anamwita binti aje na karatasi na wino, akae karibu, aandike. Kisha anamweleza wajibu wake kwa Mungu, kwa Mtume, kwa baba, kwa mama, na kwa mume. Huyo wa tano ndiye aliyelipatia shairi sifa, nzuri na mbaya. Binti anaelezwa amtumikie mume, asimwamshe akilala, ampepee, asitoke bila ruhusa yake. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu mwaka 1934, waliupa kichwa cha Kiingereza kinachosema kuwa ni ushauri juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo wengi wamesoma kichwa wakaliacha shairi. Wapo walimu wanaoutumia kuwaonya wasichana, na wapo wanaharakati waliomhesabu Mwana Kupona kuwa mlinzi wa minyororo.

Pande zote mbili zinampunja. Ukisoma beti zinazomhusu mume pole pole, utaona mwanamume anayeelezwa humo ni kama mtoto mchanga: anaogeshwa, anapakwa manukato, anabembelezwa, analazwa, anasubiriwa aamke. Mtendwa katika beti hizo ni yeye. Ann Biersteker, mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili kutoka Marekani, aliandika katika miaka ya 1990 kwamba kuna mbinu ya kisiasa katika maelezo hayo, na kwamba mama anamfundisha binti namna ya kulimudu dola dogo la nyumbani. Huenda Biersteker alimpa Mwana Kupona uasi mwingi kuliko aliokuwa nao. Huyu alikuwa mcha Mungu, na sehemu kubwa ya mwisho wa utendi wake ni dua. Lakini hoja yenyewe ni ya kweli. Mtu anayejiona mtendwa hasemi leta wino. Anasema hivyo mtu anayejua kwamba kilichoandikwa hubaki, na mwishoni anawaita wanawake wengine nao wausome.

Jambo lisilosemwa sana kuhusu utendi huo ni kwamba umeandikwa na bibi wa tabaka la mabwana. Humo binti anaonywa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Wanawake hao wa kazi, waliotwanga na kulima ili Mwana Hashima apate nafasi ya kujifukiza udi, hawakuulizwa wosia wao. Kuuzungumzia usawa wa mwanamke wa pwani ya karne ya 19 bila kuutaja utumwa ni kumzungumzia mwanamke wa tabaka moja tu. Hata utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, tangazo liliwaacha nje masuria; walingoja mpaka mwaka 1909, kwa hoja kwamba wao ni kama wake. Yaani kuwa "kama mke" kulikuwa sababu ya kubaki mtumwa miaka mingine 12.

Kalamu aliyoiagiza Mwana Kupona haikuwa halali kwa wanawake wote wa ukoo bora. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anaeleza katika kumbukumbu zake alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886 kwamba wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Kusoma ni kupokea neno. Kuandika ni kulituma, na mwanamke mwenye kutuma neno anaweza kulituma kwa yeyote. Salme akajifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama kibao cha kuandikia, akanakili herufi za Kurani moja moja mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua kaka yao Majid, binti huyo wa miaka 15 ndiye aliyekuwa karani wa njama, kwa sababu alijua kuandika. Njama ilishindwa. Mfupa wa ngamia haukushindwa: baadaye ukageuka kitabu cha kwanza cha maisha ya mwanamke wa Zanzibar kilichoandikwa na yeye mwenyewe, ingawa kwa Kijerumani na kwa jina la Emily Ruete.

Chini kabisa ya jengo hilo la kijamii alizaliwa, Fumba, karibu mwaka 1880, msichana aliyepewa jina Mtumwa. Neno lenyewe ni kauli ya kutendwa iliyogeuzwa nomino: aliyetumwa. Alifinyanga vyungu na kwenda kuviuza mjini, akitangaza biashara yake kwa sauti ambayo watu waliisikia kabla hajaonekana. Mjini akajifunza muziki, akaimba mbele ya wakubwa, na jina likabadilika: Siti, yaani bibi mtukufu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Taarab ya Zanzibar ilikuwa imeimbwa kwa Kiarabu ndani ya kasri; yeye aliiimba kwa Kiswahili, na akaleta ndani yake habari za mahakamani na za uswahilini. Wimbo wake kuhusu mtu aitwaye Kijiti unaeleza kisa cha mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam akauawa Zanzibar. Muuaji alikimbia kuvuka bahari, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Wimbo huo uliisimulia dhuluma hiyo kwa watu wengi.

Shaaban Robert aliandika maisha ya mwimbaji huyo, Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958. Kwa mwandishi aliyekwisha kuitwa mkuu wa lugha kuchukua muda wake kwa ajili ya muuza vyungu wa shamba, mwanamke, asiyejua kusoma, halikuwa jambo dogo. Wasifu huo unastahili kusomwa shuleni zaidi ya unavyosomwa.

Muziki ndio uliomtoa pia Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, wanawake wa chama wako wapi. Hawakuwa nao. Wanaume waliohutubia kuhusu uhuru walisita kuwatoa wake zao majumbani, na ikabidi aitwe Titi, aliyekuwa akijulikana kwa kuimba katika kikundi cha ngoma. Yeye hakwenda mlango kwa mlango kuwaomba waume ruhusa. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, ambavyo vilikuwa na wanachama, michango, nidhamu na sauti. Katika miezi michache maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam walichukua kadi. Historia iliyofuata inauma: alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mwaka 1971, akaachiwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa. Leo barabara kubwa katikati ya jiji inaitwa kwa jina lake, na makondakta wa daladala hulitamka kila siku.

Riwaya na tamthilia zilizofuata uhuru ziliuchukua mzigo huu, na wa kwanza kuugusa kwa moto walikuwa wanaume. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, inaanza Ukerewe katika nyumba ya mlevi, Zakaria. Binti yake Rosa anaandikiwa barua na kijana. Hakuandika yeye, ameandikiwa. Baba anaiona, na kipigo kinachofuata kinamfanya msichana aogope wanaume kwanza, kisha ajitupe kwao, mpaka mwisho, alipokataliwa na aliyempenda kwa sababu si bikira, akajiua. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda, kikadaiwa kuwa kinaharibu wasichana. Ni hukumu ya ajabu: walikizuia kitabu na kumwacha Zakaria. Said Ahmed Mohamed naye, katika Utengano ya mwaka 1980, anamchora Maksuudi, mheshimiwa mbele ya watu, ambaye nyumbani kwake amewafungia ndani mke, Bi Tamima, na binti, Maimuna, kama mali isiyopaswa kupigwa na jua. Maimuna anapotoroka, dunia anayoikuta nje inamla.

Hizi ni riwaya za ujasiri, na hakuna haja ya kuzipunguzia sifa. Ila zina upungufu mmoja zinaoushiriki: mateso ya mwanamke yameelezwa vizuri sana, na nguvu yake kidogo sana. Rosa anapata kitenzi kimoja tu kikubwa cha kujichagulia, nacho ni kujiua. Msomaji anafunga kitabu akiwa na huruma, na huruma peke yake bado inamweka aliyehurumiwa katika kauli ileile.

Penina Muhando aliona tatizo hilo kwa jicho la jukwaani. Katika Nguzo Mama, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wamekusanyika kuisimamisha nguzo kubwa iliyolala chini. Hawana majina. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi Bi Nane, kama ambavyo mtaani mwanamke huitwa mama fulani mpaka jina lake likasahaulika hata msikitini na kanisani. Kila nguzo inapotaka kuinuka, mmoja anaondoka: huyu mumewe amemwita, yule mtoto anaumwa, mwingine amefiwa na ndugu wa mume wamekuja kukomba vyombo. Nguzo haiinuki. Kilicho kikali katika tamthilia hiyo ni kwamba wanawake wenyewe nao wanasutana, wanaoneana wivu, wanaachiana kamba. Muhando hakuwafanya malaika. Na jukwaa zima linasubiri kitenzi kimoja cha kutendesha, kusimamisha, ambacho mtu mmoja hawezi kukitimiza.

Nchini Kenya, Ari Katini Mwachofi aliandika Mama Ee mwaka 1987, akaiweka ndoa yenyewe jukwaani ijitetee. Na kizazi cha karibuni kimesoma shuleni Kigogo ya Pauline Kea, ambamo Tunu anaongoza wananchi wa Sagamoyo dhidi ya Majoka. Majoka anajaribu silaha ya zamani kuliko zote: anamwahidi kumwozesha kwa mwanawe. Tunu anakataa kuolewa kwa amri, anaumizwa mguu, na anaendelea kutembea kwa mkongojo. Ukimlinganisha na Rosa, unaona umbali ambao fasihi imetembea katika nusu karne.

Je, ardhi nayo imetembea? Hapo ndipo penye uzito, maana Tunu haishi katika shamba la ukoo.

Mwaka 1963, serikali ya Tanganyika ilikusanya mila za makabila mengi na kuziandika katika Tangazo la Serikali namba 436. Katika mirathi, warithi waligawanywa madaraja matatu: la kwanza mtoto wa kiume mkubwa, la pili watoto wengine wa kiume, la tatu mabinti. Binti aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote. Kuiuza, hapana. Mila iliyokuwa ikibishaniwa kwenye vikao vya wazee, ikibadilika kidogo kidogo, sasa ikapigwa chapa na kupewa namba.

Holaria Pastory, wa Muleba mkoani Kagera, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia halali. Alipoona uzee umemkalia na hana wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, tarehe 25, mtoto wa kaka yake alikuwa Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai mauzo yabatilishwe, kwa kuwa shangazi yake ni mwanamke. Kesho yake! Kasi hiyo inaonyesha jinsi jibu lilivyoonekana wazi kwake. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Mpwa akakata rufaa, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akatoa uamuzi ambao bado unasomwa nje ya Tanzania. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kutumika mahakamani Machi 1988, miezi mitano tu kabla bibi huyo hajauza shamba lake. Kwa haki hizo, akasema jaji, mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale anayouzia mwanamume. Mpwa aliachiwa nafasi ambayo mila humpa mwanaukoo yeyote: akilitaka shamba, alikomboe kwa bei iliyolipwa.

Ukiondoa lugha ya kisheria, kilichobishaniwa kuanzia Kashasha hadi Mwanza ni kama neno "ameuza" linaweza kukaa baada ya jina Holaria.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake. Lakini Tangazo la 1963 halikuondoka kwa hayo. Wajane wawili walioondolewa katika nyumba zao na ndugu wa waume walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hiyo inabagua, kisha ikasema si kazi ya mahakama kuibadilisha. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Suala la kuozwa nalo lilikwenda hivyohivyo, kwa kuvutana. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi huku mvulana akingoja 18. Mwanasheria Rebeca Gyumi akaipinga sheria hiyo, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi wake.

Kati ya hukumu hizo na mji wa mjane kuna safari, na mara nyingi anayemsindikiza ni msaidizi wa kisheria wa kata, mtu anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye hulipwa kidogo au halipwi kabisa. Kazi yake inaanza kabla ya mahakama, nyumbani, wakati turubai la msiba bado halijashushwa na ndugu wa marehemu wamekaa kikao. Mjane amekaa chini kwenye mkeka, kichwa amekifunika kanga. Mkubwa wa kikao anauliza, kwa sauti ya upole kabisa: "Marehemu amekuachia nini?" Msaidizi wa kisheria aliyeiva huwa na daftari mapajani. Anangoja mzee amalize, anamwamkia, anaomba radhi, kisha anamgeukia mjane na kuuliza upya: "Mama, mlichuma nini?" Na mwanamke anaanza kutaja. Shamba la mpunga la kule bondeni, walilisafisha wote wawili mwaka ule wa mvua nyingi. Mabati ya nyumba, aliyanunua yeye kwa fedha za upatu. Mbuzi wanne.